Tiketi Mbili za Watu na Moja ya Ng'ombe

Niwaambie mapema, kabla hamjaanza kuniheshimu bure: Ulaya sijafika. Hata Nairobi sijafika. Mbali kabisa nilikofika ni Kigoma, nilipelekwa kikazi, nikarudi na homa. Lakini kwa miaka mingi watu wa Dodoma waliotaka kuvuka Ulaya kwa treni bila kumaliza akiba yao walipanda ngazi za ofisi yetu karibu na soko, wakaketi mbele yangu, na mimi nikawaambia wapande wapi, washuke wapi, na wasithubutu kupanda nini. Wengi walirudi salama. Sijisifu. Ni haki yao kwamba lisemwe, na pengine kidogo ni haki yangu.

Nyinyi vijana mtasema kazi hiyo siku hizi inafanywa na simu. Ni kweli, na simu haikosei kama nilivyokosea. Ila simu haikuulizi kama unaenda na shangazi.

Shule yangu ni darasa la saba na kozi fupi ya reli. Nilikata tiketi dirishani stesheni mpaka walipopunguza watu, nami nikapunguzwa. Nikakaa nyumbani nikipepeta karanga, mpaka siku moja akaja Bwana Athumani. Huyu ni Mrangi wa Kolo, mdogo kwangu kwa umri, alikuwa amefungua ofisi ya kuuza safari. Alinisalimia shikamoo vizuri, akaniambia ana wateja wengi tangu serikali ihamie huku: watumishi wanaotumwa mikutanoni, wanafunzi waliopata ufadhili, masista, wanakwaya. Ndege aliiweza. Kilichomshinda ni kule wanakoshuka kwenye ndege na mji wanaoutaka uko nchi mbili mbele.

"Wewe umeuza tiketi za treni," akasema.

"Za Kigoma na Mwanza, Bwana Athumani."

"Treni ni treni, Mama Tabitha. Ina kichwa, ina mkia."

Nikaamini. Hadi leo sijui kama alikuwa na akili nyingi au alikuwa amekosa mtu mwingine. Yeye mwenyewe husema watu wa Kolo wana jicho la mbali, ndiyo maana wazee wao walichora twiga kwenye miamba. Nimesikia wasomi wakisema waliochora ni watu wengine, wa kabla yao. Mimi sikuwepo, siwezi kumpinga yeyote.

Makosa yangu ya kwanza yalitokana na kuijua reli yetu vizuri. Mnajua treni yetu ya zamani: ikifika kituoni akina mama wanakimbilia madirishani na kuku, mayai, karanga, na treni inangoja. Dereva naye ana tumbo. Basi Sista Bernada alipokuwa anakwenda Ujerumani kupitia Austria, nilimpangia vizuri kabisa, nikamwambia, "Sista, usihangaike kubeba chakula. Ukifika Linz, shuka ununue."

Sista akashuka Linz. Alipogeuka na mkate mkononi, treni ilikuwa imeondoka na begi lake, rozari yake, na viatu vyake, maana alikuwa amevivua apumzishe miguu, akashuka na kandambili.

Aliporudi Dodoma alikuja moja kwa moja ofisini. Nilijificha nyuma ya kabati la mafaili. Akavuta kiti akaniambia, "Toka huko, Mama Tabitha, sikuja kugombana. Nimekuja kukufundisha. Treni ya kule haina huruma, haina njaa, na haimjui mtu. Ikisema inaondoka, imeondoka."

Akanifundisha kweli. Alikuwa akija baada ya misa na kunieleza alichokiona, nami nakariri. Ndiye aliyenieleza kwamba mji mkubwa hauna stesheni moja. Ukifika Paris stesheni ya kaskazini na treni yako inaondokea stesheni ya kusini, unavuka mji mzima na mizigo yako, na hakuna atakayekuonea huruma kwa kuwa umetoka Chamwino. Ndiye aliyenieleza pia kwamba Vienna wenyewe wanaiandika Wien, ili mtu asikae stesheni akingoja jina ambalo halitapita ubaoni.

Mengine niliyajua kwa kuumia, au tuseme kwa wengine kuumia. Nilidhani treni ya haraka ni ya matajiri na ya polepole ni yetu sisi. Si hivyo. Ile ya haraka, ukiinunua mapema, miezi kabla, yaweza kuwa rahisi kuliko ile inayosimama kila penye mti. Ukiinunua siku ya safari, uza shamba. Ila hiyo rahisi imefungwa kwenye treni moja tu, kama mbuzi kwenye kigingi. Treni ikikuacha, tiketi yako imekufa. Kwa hiyo siku mtu anaposhuka kwenye ndege, usimpe tiketi ya kigingi. Ndege ikichelewa, utalia naye. Mpe ile ya ghali kidogo inayopanda treni yoyote, kisha kesho yake umbane kadiri unavyotaka.

Na ile tiketi ya jumla, ya kuzunguka nchi zote, vijana huipenda sana kwa sababu inasikika kama uhuru. Nami niliipenda. Nikampa mwanafunzi mmoja, akafika Ufaransa akaambiwa treni za kasi zinataka alipie na kiti juu ya hiyo tiketi yake. Akanipigia simu: "Mama, kwani nilichonunua ni kusimama?" 

Sasa niwaeleze habari ya Mzee Ndahani. Watu wengi hapa mjini wanaihadithia vibaya, wanasema nilimpandisha ng'ombe kwenye treni ya wazungu. Sikumpandisha. Nilijaribu tu.

Mzee Ndahani ni Mgogo wa Msalato. Uwanja mpya wa ndege umejengwa karibu kabisa na kwake, lakini ndege yenyewe hakuwa na habari nayo. Alikuja ofisini asubuhi na fimbo yake, nyuma yake dada yake, Shangazi Sechelela, mwanamke mwembamba wa kitenge cha njano.

"Mbukwenyi," akasema mzee.

"Mbukwa, Mzee. Karibuni mketi."

"Siketi. Nikiketi nitasahau. Nataka tiketi mbili za watu na moja ya ng'ombe."

Bwana Athumani alikuwa anakunywa chai. Ile iliyokuwa tayari kinywani aliirudisha kikombeni.

"Ng'ombe apewe dirishani," Shangazi akaongeza. "Akikaa katikati anatapika."

"Sechelela, nyamaza, hawa watu watadhani tunatania."

"Kwani hatutanii?"

Hawakuwa wanatania. Mzee ana mtoto mmoja wa kiume, Elia. Elia alikwenda Austria kusoma mambo ya maziwa, akabaki na kazi kwenye kiwanda cha jibini mji wa Graz. Huko akapata mchumba, binti anaitwa Maja, ambaye kwao si Austria, ni Slovenia, kijijini milimani, ng'ambo tu ya mpaka. Wakataka kuoana. Mzee hakuwa na neno na binti. Neno lake lilikuwa mahari.

"Lazima ng'ombe aingie ua wa mkwe kwa miguu yake," akasema. "Tumpeleke sisi, kwa fimbo. Mkwe atoke mlangoni, amwangalie, amtie dosari. Aseme huyu kakonda, huyu ana pembe mbaya. Akimaliza kumtukana ng'ombe, amempokea. Na akimpokea ng'ombe amempokea mwanangu."

"Na asipomtukana?" Bwana Athumani akauliza.

"Akinyamaza, au akisema asante tu, basi ni zawadi. Zawadi hailetei mtu wakwe."

Nikasema, kwa upole niwezavyo, "Mzee, si mngepeleka pesa? Safari yenyewe ingekuwa nafuu."

"Pesa haina kwato."

Nadhani aliona sijaridhika, maana hapo ndipo alipoketi. Akaweka fimbo magotini. Akaeleza kwamba yeye mwenyewe alipooa ulikuwa mwaka wa ukame, ng'ombe wa baba yake walikuwa wamekufa, baba yake akapeleka pesa. Wakwe wakapokea bila neno. Na tangu siku hiyo mpaka mkewe anafariki, akifika ukweni alitandikiwa mkeka wake peke yake na kuulizwa, "Mgeni, umesafiri salama?" Akiishi kijiji cha pili. Watoto wamezaliwa, wamekua, yeye bado anaulizwa kama amesafiri salama.

"Elia yuko mbali na kwetu," akasema. "Na kule ukweni akiwa mgeni maisha yake yote, atakuwa mtu wa wapi?"

Bwana Athumani akanitazama. Nami nikawasha kompyuta.

Mtu yeyote mwenye akili angeuliza kwa nini ng'ombe asinunuliwe palepale kijijini kwa Maja. Niliuliza. Mzee akasema ng'ombe aliyenunuliwa kwa jirani wa mkwe anaijua njia ya kwao. Jioni utamkuta amerudi zizini kwake, na wewe umeoa bure. Ng'ombe wa mahari hutoka mbali. Afike na vumbi la safari. Nimelitafakari jambo hili mara nyingi na sijaona kosa lake.

Basi nikaanza. Kwenye mtandao wa reli za kule unachagua abiria wako: mtu mzima, mtoto, mbwa, baiskeli. Nikashuka chini ya ukurasa, nikapanda juu. Ng'ombe hayupo.

"Andika mbwa mkubwa," akasema Bwana Athumani.

"Mbwa hana pembe."

"Wewe mbwa wa Ulaya umewahi kumwona?"

"Sijamwona."

"Basi unajuaje hana?"

Karibu anishinde. Lakini nilikata tiketi maisha yangu yote, na sikuwahi kuandika mtu mzima kuwa mtoto, hata mama yake akinililia. Sikuweza kumwandika ng'ombe kuwa mbwa. Nikaandika barua pepe, nikaitafsiri kwa kompyuta, nikauliza wazi: mtamba mmoja, mpole, na wazee wawili, Vienna hadi mpakani, tunataka nafuu iliyopo.

Walijibu. Nawasifu kwa hilo, wangeweza kucheka wakaacha. Walisema wanyama wadogo wasiodhuru wanaoenea kwenye kikapu hawalipiwi.

"Kikapu cha ukubwa gani?" akauliza Shangazi.

Nikaandika tena, nikauliza ukubwa wa kikapu. Wakajibu, kwa adabu ileile, kwamba wanahisi swali letu halihusu paka. Baada ya hapo hawakujibu tena, na siwalaumu.

Wakati huohuo Elia alikuwa ameshapata ng'ombe. Mkulima mmoja anayeuza maziwa kiwandani kwao alikuwa na mtamba wa kuuza, kahawia, mwenye baka jeupe usoni. Na hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulitegemea: ng'ombe wa Ulaya ana pasi. Msicheke. Ana namba sikioni na ana karatasi yake inayosema kazaliwa wapi, mama yake ni nani. Akitaka kuvuka nchi anapimwa na daktari wa mifugo, anapewa cheti, anavuka. Ng'ombe alikuwa na karatasi zake zote kamili kabla Shangazi Sechelela hajapata viza.

Shangazi aliliona hilo kama dharau. "Mimi ubalozini wameniuliza kama nitarudi," akasema. "Nikawaambia, nisiporudi mtama wangu atavuna nani, nyinyi? Huyo ng'ombe wamemuuliza?"

"Ng'ombe harudi, Shangazi."

"Ndiyo hivyo! Asiyerudi anapewa, anayerudi anahojiwa."

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo kazi ilipo. Mtu akitaka kuvuka mpaka kwa treni za kule, mara nyingine tiketi moja ya moja kwa moja ni ghali kuliko mbili zilizokatwa mpakani: ya kwanza mpaka kituo cha mwisho cha nchi hii, ya pili kuanzia hapo. Kila nchi ina bei zake za ndani, na za ndani huwa na huruma zaidi. Nilikuwa nikiwafanyia hivyo watu kila siku. Lakini ilinichukua muda mrefu, tena nikiwa nachambua mlenda nyumbani, kufikiri kwamba ninaweza kumkatia ng'ombe mpakani vilevile. Nikimkatia vizuri, sehemu yake ya treni inabaki sifuri.

Nikampigia Elia. Nikamwomba amwombe yule mkulima amshushe ng'ombe kwa gari lake la mifugo katika kijiji cha mwisho cha Austria, pale bondeni kando ya mto. Watu waje kwa treni na basi dogo hadi hapo. Kisha wote kwa miguu, wavuke mpaka na cheti chao, wafike kwa Maja kabla ya chakula cha mchana.

Mzee Ndahani akakataa.

"Huko ni karibu. Umesema mwenyewe tutatembea. Ng'ombe wa mahari hutoka mbali."

"Ni nchi nyingine, Mzee."

"Kutoka hapa hadi Chamwino ni mbali kuliko hapo," Shangazi akachokoza.

"Wewe unamsaidia nani?"

Nikamwambia kuna mto, nikamwambia kuna mlima, nikamwambia ni serikali mbili. Mzee anatikisa kichwa. Mwishowe akauliza, "Huyo ng'ombe, huko alikokulia, anasemeshwa lugha ya mkwe?"

"Hapana, Mzee. Anasemeshwa Kijerumani. Hiyo ya mkwe haelewi hata neno."

Akafikiri sana.

"Basi ametoka mbali," akasema.

Wakasafiri. Ndege ilikwenda vizuri, wakalala Vienna kwa masista wenzake Sista Bernada, asubuhi wakapanda treni ya Graz, ambako Elia alikuwa akiwangoja. Nilikuwa nimewafundisha kila kitu: tiketi mfukoni, viatu miguuni, chakula begani, msishuke kununua kuku. Sikufikiria kuaga.

Mzee alipoingia behewani aliwasalimia watu. Wote. Alianza mlango huu akaenda hadi mlango ule, mkono kwa mkono, na Shangazi nyuma yake. Elia aliniambia baadaye kwamba wengine walidhani anagombea uongozi. Na mtu uliyemsalimia kwa mkono huwezi kuondoka usimuage. Treni ilipofika Graz mzee alikuwa amewaaga nusu ya behewa. Treni ikaondoka akiwa ameshika mkono wa bibi mmoja aliyekuwa anasuka sweta.

Simu ikalia ofisini.

"Mama Tabitha," ni Shangazi, "tumepitiliza. Kaka yangu ana adabu nyingi kuliko kituo."

Tiketi zao ziliishia Graz. Kondakta akaja, na alikuwa na haki yote ya kuwatoza faini. Ningekuwa mimi ningewatoza. Lakini behewa zima likainuka kuwatetea, Elia akitafsiri kwa simu kutoka stesheni. Bibi wa sweta akasema hajapewa mkono na mgeni tangu mumewe afe. Kijana mmoja akatoa ramani. Kondakta akasimama akiwasikiliza, akafunga mashine yake, akawaambia washuke kituo cha mpakani wapande treni ya vituo vyote inayorudi. Na mzee, Mungu ni shahidi, alianza kumuaga kondakta, Shangazi akamvuta koti.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Bwana Athumani alifunga nusu ya mlango wa ofisi. Aliegemeza simu yake kwenye kopo la kalamu, tukakaa mbele yake kama watu wanaotazama mpira. Elia alikuwa ameahidi kutuonyesha kwa video, kwa sharti moja la baba yake: ukweni wasiambiwe chochote kuhusu kutia dosari. "Tusi la kufundishwa si tusi," mzee alikuwa amesema. Elia alijaribu kumwonya. Alimwambia, "Baba, hawa watu ukiwapa hata kijiti watasema asante, kizuri sana. Ndivyo walivyolelewa." Mzee akasema, basi tutaona.

Picha ikaja ikitikisika. Barabara nyembamba, majani mabichi mno, mlima. Mbele anaonekana mgongo wa Mzee Ndahani na fimbo, kando yake ule mtamba kahawia anatembea taratibu, na Shangazi kwa nyuma na kitenge chake juu ya koti la kuazima, akimsemesha ng'ombe Kigogo. Watu walikuwa wametoka nje ya nyumba kutazama. Mzee hakutazama pembeni. Nilikuwa nimemwona mara nyingi ofisini na sikuwahi kumwona akitembea hivyo.

Wakaingia uani. Nyumba ya mbao na mawe, ghala, trekta. Maja akatoka, halafu mama yake na sinia la keki, halafu baba yake, mtu mfupi wa mabuti ya mpira, mikono ameifuta kwenye suruali.

Mama akamtazama ng'ombe, akaweka mkono kifuani, akasema maneno laini. Hata mimi nisiyejua lugha nilielewa. Ni asante. Ni kizuri sana.

"Yameharibika," Bwana Athumani akanong'ona.

Mzee Ndahani alikuwa amesimama na kamba mkononi. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyetandikiwa mkeka wake peke yake. Nilimwona Shangazi akiinamisha kichwa. Nikaanza kujiuliza kama ni mimi: kama ningemtafutia njia ndefu zaidi, kama ng'ombe angefika amechoka kidogo, amekonda kidogo, pengine wangepata la kusema.

Yule baba bado alikuwa hajafungua kinywa. Akashuka ngazi. Akamzunguka ng'ombe mara moja, akasimama, akamzunguka tena kwa upande wa pili. Akainama, akainua mguu wa nyuma, akaukandamiza ukwato kwa kidole gumba. Akamfungua mdomo. Akavuta mkia. Kisha akaanza kusema, na alisema kwa muda mrefu, anaonyesha kwa kidole, sauti inapanda. Maja akafunika uso. Mama akasema neno kali kwa mumewe, hakumsikia.

"Anasemaje?" ni sauti ya Mzee Ndahani.

Elia akajifanya hajasikia.

"Elia! Anasemaje?"

"Baba, samahani..."

"Sema!"

"Anasema ukwato wa nyuma umepinda. Anasema mgongo umebonyea kama kitanda cha hospitali. Anasema kiwele hiki hakitatoa maziwa ya kutosha paka. Anasema aliyekuuzia alikuona mgeni, akakuibia. Anasema siku nyingine usiende kununua ng'ombe bila yeye."

Hatukuona kilichofuata vizuri kwa sababu Elia alishusha mkono na simu ikawa inaonyesha majani. Tulisikia kigelegele cha Shangazi Sechelela, na sahani kuvunjika. Nadhani mama wa Maja aliangusha sinia kwa kushtuka. Tukasikia Mzee Ndahani anacheka, cheko la kifuani, na kujibu kwa Kigogo kwamba kwato hazina neno, aangalie pembe, pembe ndizo mbaya zaidi. Yule baba naye anajibu kwa lugha yake. Hakuna aliyetafsiri, na hakuna aliyengoja tafsiri. Kisha mtandao ukakatika.

Bwana Athumani aliketi akitazama kioo cheusi.

"Kama kitanda cha hospitali," akasema. "Alhamdulillahi."

Mimi nilikuwa natafuta leso. Mlango ule uliofungwa nusu ukasukumwa, akaingia mtumishi mmoja wa serikali na mkoba wake, akasita alipotuona.

"Nimekuja wakati mbaya? Kuna msiba?"

"Hapana," Bwana Athumani akamwambia, anafuta macho. "Ng'ombe wetu ametukanwa."

"Poleni sana."

"Pole ya nini? Tupongeze, bwana!"

Akatupongeza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua mlango uko upande gani. Kisha akaketi, kwa kuwa safari ni safari, akaeleza kwamba ana mkutano Brussels, ndege inamshusha Frankfurt, na posho ni ndogo. Nikavuta kiti, nikawasha kompyuta, nikamuuliza, "Ni mtu peke yake, au kuna kingine?"